Manamba wa kwenye redio na manamba wa Murungu



Leo nina deni la kulipa, na deni lenyewe nimelikopa mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliandaa kipindi cha nusu saa juu ya manamba, yaani wale vijana wa Buha waliochukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro enzi za Mwingereza. Nilikitengeneza kwa mapenzi makubwa. Nilianza na mlio wa gari moshi, nikaweka ngoma chini ya sauti yangu, nikasoma maneno niliyoyaandika usiku kucha: migongo inayong'aa kwa jasho, visu vikimeremeta alfajiri, watu wa makabila mbalimbali waliofanywa ndugu na kazi. Wenzangu ofisini walinipa mkono. Nami, sitaficha, nilikisikiliza kile kipindi mara tatu.

Baada ya siku chache akafika kijana wa pikipiki na ujumbe kutoka Murungu, huku kwetu Kibondo. Kuna bibi mzee ananiita. Nikadhani nakwenda kupongezwa, nikavaa shati safi.

Nilimkuta ameketi nje juu ya mkeka, anapukuchua maharage. Nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia vizuri.

"Wewe ndiye mjukuu wangu uliyekuwa unaongea na ngoma?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Hizo ngoma walizipiga wapi? Shambani?"

Nikamweleza kwamba ngoma tumeziweka sisi studio, ili kipindi kinoge. Akatikisa kichwa polepole, bila hasira, kama mtu anayemsikiliza mtoto anayeeleza jinsi chungu kilivyovunjika.

"Mume wangu alipoondoka nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Mimi sikusikia ngoma, baba. Nilisikia lori."

Maneno hayo nimekaa nayo muda mrefu. Kwa nini mimi, niliyezaliwa wakati mkonge umekwisha kuanguka, ambaye mkono wangu haujapata kushika kitu kigumu kuliko kinasa sauti, niliona uzuri mahali ambapo yeye aliona lori? Na nilipoanza kulifuatilia swali hilo niligundua kwamba ugonjwa huu si wangu peke yangu. Umewapata watu wakubwa, wa nchi kubwa.

Lakini kwanza tuyaweke sawa yale ambayo kipindi changu kiliyaruka kwa haraka.

Mkonge si mmea wa asili ya kwetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba ya Pangani, Muheza, Korogwe, Kilosa hadi Lindi, na kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa inatoa kiasi cha tani 230,000 za katani kwa mwaka, ya kwanza duniani. Mashamba hayo yalihitaji watu zaidi ya 100,000, na wenyeji wa Tanga hawakuwa na haja ya kukata mkonge wa mtu mwingine wakati wana mashamba yao na soko liko karibu. Watu ikabidi watafutwe mbali, na mbali kulikofaa kuliko kote ni huku kwetu.

Sisemi kulikofaa kwa dhihaka. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji wakaitwaa nchi yetu mwaka 1916 wakati wa vita, Waingereza wakaipokea kutoka kwao mwaka 1921. Kodi ilikuwa ya fedha taslimu, na zao la kuuza lenye kutosha kulipia kodi hiyo halikuwapo. Miaka ya 1930 ukaja ugonjwa wa malale, watu wa Kibondo wakahamishwa kutoka vijiji vyao vya asili na kukusanywa mahali pamoja. Weka hayo yote kwenye chungu kimoja, kodi, reli, umaskini wa fedha na watu waliokwisha kung'olewa, utaona kwamba mtoto wa kiume wa Kasulu au Kibondo alikuwa kama jani la mkonge lenyewe, limekomaa na linangoja kisu.

Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kutafutia watu, kikajulikana kwa jina la SILABU. Mawakala wake walifika hadi huku. Kijana aliandikishwa, akapewa namba, na ndipo lilipotoka lile neno manamba ambalo leo tunalitamka kama vile lilikuwa jina la kabila. Kutoka hapo ni lori hadi relini, kisha gari moshi kuvuka Tabora na Dodoma. Na msidhani walipanda treni Kigoma wakashukia Korogwe. Reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaungana. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilikamilika mwaka 1963, wakati manamba wanakaribia kwisha. Hivyo sehemu iliyobaki ilikuwa ni lori tena.

Kazi yenyewe nilijaribu kuieleza kwa maneno mazuri, sasa niieleze kwa maneno ya kawaida. Jani la mkonge lina mwiba nchani, na mwiba huo ukikuingia jichoni jicho limekwenda. Unakata majani, unayafunga mizigo ya majani thelathini thelathini, unaibeba hadi kwenye njia ya troli. Maji ya jani yanawasha ngozi. Huko kiwandani, ambako watu walikuita korona kwa jina la mashine, jani linapondwa na kukwanguliwa, zinabaki nyuzi, zinaoshwa, zinaanikwa juani juu ya waya, kisha zinachanwa kwa brashi na kufungwa marobota. Vumbi la chumba cha brashi lilikuwa la kuingia mapafuni. Malipo yalihesabiwa kwa kipande, yaani siku thelathini za kazi iliyotimizwa. Usipotimiza sehemu yako ya siku, nyapara hakuweki alama, na siku hiyo ni kama hukuamka.

Hapo sioni migongo inayong'aa. Migongo inayouma naiona.

Na wala wao hawakunyamaza. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde, upande wa Korogwe, waligoma kwa muda mrefu, na chama cha wafanyakazi wa mashamba ya mkonge kikapata nguvu katika miaka hiyo. Baada ya uhuru mishahara ya kima cha chini ikapandishwa. Wenye mashamba wakajibu kwa kupunguza watu, wakaacha kuleta watu wa mbali. Kisha nyuzi za plastiki zikaja kuua bei. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa, na bidhaa tuliyoirithi ilikuwa tayari inazama.

Sasa sikilizeni jambo hili. Wakati ule ule mkonge wa kweli unazama, mkonge wa picha ulikuwa unapanda. Mwaka 1966 nchi yetu ilipotoa noti zake za kwanza, noti ya kijani ya shilingi kumi iliwekwa picha ya katani ikikaushwa. Safi, imepangwa mistari, inapendeza. Sikuikumbuka noti hiyo hadi yule bibi alipoingia ndani akatoka na kopo la zamani, na ndani ya kopo, ndani ya kitambaa, ikawamo moja. Mumewe aliituma mwaka 1967 kwa mkono wa mtu aliyekuwa anarudi. Baada ya hapo hakutuma tena, na wala yeye mwenyewe hakuja. Bibi hakuitumia ile shilingi kumi. Noti zikabadilishwa mara nyingi, yake ikabaki kwenye kopo.

Akanionyesha ile picha ya mkonge, akaniuliza ni kitu gani. Alikuwa akidhani siku zote kwamba ni nguo zimeanikwa.

Nikamwambia ni katani, bibi, ndiyo hiyo kazi aliyokwenda kuifanya. Akaishika karibu na macho kwa muda mrefu. "Kumbe ndiyo hii," akasema. Alikuwa hajauona mkonge maisha yake yote.

Basi tulirudie swali letu. Miaka ile ya baada ya Azimio, mfanyakazi alikuwa ndiye mzuri wetu. Ngao ya taifa ina jembe na shoka. Bendera ya Chama Cha Mapinduzi, tangu mwaka 1977, ina jembe na nyundo, na mimi utotoni nililifahamu jembe vizuri sana, ila nyundo huku kwetu ilikuwa ni ya fundi seremala mmoja aliyeazimwa na kata nzima. Tulisoma na kuimba wavuja jasho, wakulima na wafanyakazi. Vitabu navyo vikaja. Adam Shafi, aliyezaliwa Unguja mwaka 1940, alitoa mwaka 1979 riwaya yake ya Kuli, juu ya makuli wa bandari na ule mgomo mkubwa wa Unguja wa mwaka 1948, ulioanza gatini mwezi Agosti na kuenea mji mzima mwezi Septemba. Niliisoma nikiwa sekondari, kwa mwanga wa koroboi, na ninakiri kwamba ndiyo iliyonitia ugonjwa huu. Nilitamani kuwa kuli! Mtoto wa Kibondo ambaye hajaiona bahari anatamani kubeba magunia gatini. Kosa hilo silimpi mwandishi, kwa sababu yeye alieleza vizuri sana njaa na dharau iliyowagomesha watu wale. Kosa ni langu, nililichukua lile joto la kusimama pamoja nikaliacha gunia.

Wenzetu wa nchi za viwanda walitutangulia katika jambo hili. Vincent van Gogh, Mholanzi yule ambaye leo picha zake hazishikiki bei, alikwenda mwishoni mwa mwaka 1878 katika wilaya ya Borinage huko Ubelgiji kuwahubiria wachimbaji wa makaa ya mawe. Akawapenda mno, akagawa nguo zake, akalala pabaya kama wao au kuwazidi, mpaka wakubwa wa kanisa wakaona anazidisha, wakamwondoa mwaka 1879. Ndipo akaanza kuwachora kwa bidii. Nampenda kwa hilo. Walakini yeye angeweza kuondoka Borinage siku yoyote, na akaondoka, aliowachora wakabaki.

Kule Urusi wakaja na njia nyingine. Mwaka 1937, kwenye maonyesho ya Paris, walisimamisha sanamu ya chuma ya Vera Mukhina yenye urefu upatao mita 24, mwanamume wa kiwandani ameinua nyundo na mwanamke wa shambani ameinua mundu, wanakwenda mbele kwa hatua moja, upepo unawapiga. Ukiitazama unasikia damu inachemka. Wala mwaka huo haukuwa mwaka mzuri kuwa mfanyakazi wa Urusi, maana ndio ule ambao watu walikuwa wanachukuliwa usiku na hawarudi.

Lakini kisa kinachonishangaza zaidi ni cha Detroit, Marekani, mji wa magari. Tarehe 7 Machi 1932 wafanyakazi waliokosa kazi waliandamana kwenda kwenye kiwanda kikubwa cha Ford cha River Rouge. Wakapigwa risasi, wanne wakafa siku ile. Mwezi uliofuata, wa Aprili, akaingia mjini humo mchoraji wa Mexico, Diego Rivera, mkomunisti kweli kweli, akaanza maandalizi ya kuchora kuta za jumba la sanaa la mji. Alichora nini? Alichora kiwanda kile kile cha River Rouge, michoro 27, mashine kubwa na watu wamejipinda kwa nguvu, kazi nzuri ajabu. Na nani alilipa? Edsel Ford, mtoto wa mwenye kiwanda, akiwa ndiye rais wa kampuni. Tajiri alipenda kuuona uzuri wa wafanyakazi wake ukutani. Uzuri wa ukutani hauombi nyongeza ya mshahara.

Mtaniuliza, je, hao wafanyakazi wenyewe walipopata nafasi ya kufanya sanaa yao, walijisifu hivyo? Hapa ndipo pananoga, na hapa ndipo kipindi changu kilipokosea zaidi.

Chukua Beni. Ngoma hii ilianzia pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita ya Kwanza askari na wapagazi wakaieneza bara. Ilikuwa na vyama viwili vikubwa, Marini ya waliojiona waungwana, na Arinoti ya watu wa chini, wapagazi na vibarua kutoka bara. Mtu aliyeshinda akibeba mizigo, jioni aliingia uwanjani amevaa sare iliyopigwa pasi, akiitwa jenerali, daktari au mfalme. Hakuja na mzigo wake uwanjani. Mzigo alikuwa nao tangu asubuhi, aucheze tena wa nini?

Au chukua bendi zetu za dansi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, ndiyo hii Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1968, nacho kikawa na Urafiki Jazz. Vyombo vya kiwanda, mishahara ya kiwanda. Mahali pengine popote duniani mtu angetegemea kusikia nyimbo za vinu na nyundo. Zilikuwapo za kuhimiza kazi, sawa. Lakini watu walijaza kumbi kwa ajili ya nyimbo za mapenzi, za ugomvi wa nyumba, za wivu na safari, na wanamuziki walivaa suti. Mfanyakazi aliyeshinda zamu nzima kwenye mashine ya kusokota nyuzi hakulipa kiingilio ili akasikie habari za mashine ya kusokota nyuzi.

Wamakonde nao. Wengi wao walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kukata mkonge katika mashamba haya haya, na ni watu hao waliokuwa na mikono ya kuchonga mpingo. Wangeweza kuchonga mkata mkonge na kisu chake. Wakachonga mashetani, wakachonga watu waliopandana mmoja juu ya mwingine. Hiyo ya watu waliopandana wenyewe waliiita dimoongo, neno la nguvu. Kisha siasa ikaja ikaipa jina la ujamaa, ikapendwa zaidi.

Nilipokuwa nimekwisha kujiridhisha kwamba mfanyakazi hajichori akiwa kazini, nikakutana na Lubumbashi. Kule Katanga, kwenye machimbo ya shaba, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi za wafanyakazi, na watu wa mji ule walinunua picha za rangi za kutundika ukutani, picha ambazo kazi yake, walisema, ni kukumbusha. Mchoraji mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora katika miaka ya 1973 na 1974 historia nzima ya nchi yake, kiasi cha picha 100, kwa ajili ya msomi Johannes Fabian. Humo limo lile bomba refu la kuyeyushia shaba, lakini pia yamo mauaji ya Desemba 1941, wachimbaji wa Union Minière waliogoma walipopigwa risasi na askari. Moshi wa kiwanda na damu, mikononi mwa mchoraji mmoja, zikitundikwa sebuleni juu ya viti vya watu waliozijua zote mbili. Hiyo siwezi kuiita mapenzi ya mbali. Naona tofauti iko kwa yule atakayekaa na picha hiyo nyumbani, kama anaulizwa nayo au anasifiwa nayo, ingawa sijalimaliza jambo hili kichwani.

Na sisi Waha tulikuwa na kiwanda chetu, ila hakuna aliyetutungia wimbo wa kukisifu. Pale Uvinza, karibu na mto Malagarasi, watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, wachimbuaji wa mambo ya kale wameyaona majiko yao ardhini. Kiangazi watu walikwenda, familia nzima, wanakata kuni, wanachemsha, wanatoa sehemu ya wenye nchi, mvua ikianza wanarudi na chumvi yao kichwani. Kazi ya moto na moshi, ngumu kama nyingine. Labda haikupata washairi kwa sababu waliokwenda walirudi.

Nilimuuliza bibi kama naweza kumrekodi. Akakubali kwa sharti moja, nisiweke ngoma. Nikawasha kinasa sauti nikitegemea kisa. Hakunipa kisa. Alianza kutaja majina ya vijana walioondoka kutoka upande wao wa mlima, mmoja mmoja, na jina la baba wa kila mmoja. Walikuwa kumi na mmoja. Kisha akataja waliorudi, watatu. Mmoja alirudi na jicho moja, mwingine na kifua, wa tatu na baiskeli na mke wa Kizigua, ambaye bibi anasema alikuwa mwanamke mwema na alijifunza Kiha upesi kuliko ilivyotegemewa. Nilimuuliza nani alilima miaka ile, akanitazama kana kwamba nimeuliza nani alipumua. Watoto wawili alisomesha kwa mihogo na maharage. Kodi, nayo, alilipa kwa pombe ya ndizi aliyopika yeye.

Kabla sijaondoka nilimwambia kwamba huko Muheza na Korogwe hadi leo kuna Waha wengi, watoto na wajukuu wa manamba ambao hawakurudi, wengine wana mashamba yao, na wanasema Kiswahili cha Tanga. Akaacha kupukuchua. Alikuwa ameambiwa kwamba wote walikufa.

"Basi tangaza," akasema. "Wewe si una redio?"

Kwa hiyo natangaza. Majina ya watu nayaacha kwa heshima ya familia, ila mahali napataja. Ikiwa wewe unayesikiliza au unayesoma uko Muheza, Korogwe, Pangani, Kilosa, au uko popote, na baba yako au babu yako alitoka Murungu, Kibondo, kwenda kukata mkonge katika miaka ya 1950, hata kama alikuwa na mke mwingine huko, hata kama amekwisha kufariki, huku kuna mtu anamuulizia. Haulizi fedha. Anataka kujua alizikwa wapi, na kama alipata watoto, anataka kuyajua majina yao. Tuma salamu kwenye kipindi hiki, nami nitazifikisha kwa pikipiki.

Hadi juma lijalo.